Penye Wajenzi Hapana Miti: Lugha na Utunzaji wa Miti katika Miji Inayokua, kwa Mfano wa Kiabakari



Barua ya kunialika kutoa mhadhara huu wa umma ilinitaka nizungumzie suala lolote la Kiswahili nitakalolichagua. Wengi wenu mnaonifahamu yamkini mlitarajia kusikia tena habari za ngeli na mnyambuliko wa vitenzi, mambo ambayo nimeyafundisha kwa zaidi ya miaka 30 na ambayo, naungama, hayajanichosha bado. Ngeli hazitakosekana jioni ya leo. Hata hivyo, nimechagua kuzungumzia miti, tena miti ya mjini: ile inayosimama kando ya barabara, sokoni, kwenye vituo vya mabasi na nyuani mwa shule. Nitajaribu kuonesha kwamba namna tunavyoipanga na kuitunza, au tunavyoshindwa kuitunza, haitenganiki na maneno tuliyo nayo ya kuitajia.

Wahenga walisema: penye miti hapana wajenzi. Methali hiyo ilitungwa katika ulimwengu ambamo miti ilikuwa tele na mafundi wachache. Ukisimama leo Kiabakari, kando ya barabara kuu itokayo Mwanza kwenda Musoma na Sirari, utaona methali imegeuzwa kichwa chini miguu juu. Wajenzi wapo. Matofali yamepangwa, mabati yanang'aa, nguzo za umeme zimesimama kwa mstari ulionyooka. Kinachotafutwa saa saba mchana ni kivuli cha kumsitiri abiria anayesubiri gari la Butiama.

Kiabakari ni mahali ninapopafahamu tangu utotoni, nami naomba msamaha mapema iwapo mapenzi yatanizidi. Kwa wasiopafahamu, ni mji mdogo ulio katika Wilaya ya Butiama, mkoani Mara, penye njia ya kuchepukia kwenda Butiama alikozaliwa na kuzikwa Mwalimu Nyerere. Wakati wa ukoloni palikuwa na mgodi wa dhahabu uliofungwa katika miaka ya 1960. Mgodi ulipokwisha, watu hawakuondoka, barabara iliwashikilia. Kisha pakaja umeme, kituo cha hija, maduka, gereji, nyumba za kulala wageni. Ni mji ambao haukuanza kwa ramani. Ulijikusanya wenyewe, na sasa wapangaji wanakimbizana nao kutoka nyuma. Miji ya namna hii ni mingi Tanzania kuliko miji iliyopangwa, na kwa sababu hiyo naona mfano wake una faida kubwa kuliko mfano wa Dodoma au Dar es Salaam.

Mti kama mpangaji wa kwanza wa mji

Tuanze na jambo ambalo kila Mswahili analijua bila kulitafakari. Chukua ramani ya Dar es Salaam usome majina: Mikocheni, Mchikichini, Mivinjeni, Mkwajuni, Mbuyuni, Minazi Mirefu, Mwembechai, Mwembeyanga. Vuka bahari uende Unguja: Mkunazini, Mikunguni, Mwembetanga, Mwembemakumbi. Mombasa kuna Mwembe Tayari, na jina Mkomani lipo huko na Lamu pia. Mwanza kuna Mkuyuni. Kiambishi tamati -ni, ambacho wanafunzi wa mwaka wa kwanza hukikariri kama alama ya mahali, kimefanya hapa kazi ya mpima ardhi. Kabla ya ofisi ya ramani kufunguliwa, mti ulikuwa ndio anwani: watu waliagana kukutana penye mkwaju, wakauziana samaki chini ya mwembe, wakasikilizana mashauri penye mbuyu. Soko lilifuata kivuli, na mtaa ukafuata soko.

Ninawaomba mtazame sasa majina mapya zaidi. Mwanza hiyo hiyo yenye Mkuyuni ina Mabatini. Dar es Salaam kuna vituo vinavyoitwa Mataa, Kona na Darajani, na vingine vingi vimechukua majina ya watu, maduka na baa. Silaumu mabadiliko hayo. Lugha hutaja kilichopo mbele ya macho, na ikiwa kilichopo ni bati, basi bati litatajwa. Ninachosema ni kwamba orodha ya majina ya mitaa, ikipangwa kwa umri, ni kumbukumbu ya ukataji miti ambayo hakuna idara iliyokusudia kuiandika. Mikoche iliyoipa Mikocheni jina lake utaitafuta kwa tochi.

Mfano mwingine ni wa barabara moja mashuhuri ya Dar es Salaam. Wajerumani waliipa jina lenye maana ya “chini ya mikakasia”. Waingereza wakaiita Acacia Avenue. Baada ya Uhuru ikawa Independence Avenue, na hatimaye ikaitwa Samora. Sina ugomvi na jina la shujaa wa Msumbiji. Lakini angalieni kwamba tawala mbili za kigeni, ambazo hazikututakia mema, ziliona mti kuwa kitu kinachostahili kuupa jina mtaa mkuu wa mji. Wajerumani hao hao walianzisha bustani ya mimea ya Dar es Salaam mwaka 1893 na kituo cha utafiti cha Amani, Usambara, mwaka 1902. Miti waliyoileta walileta kwa faida yao. Nasi tumeirithi, tukakaa kivulini pake, tukasahau kuuliza nani atapanda ya kuifuatia.

Ngeli, wageni na wenyeji wasio na jina

Nimeahidi ngeli. Kiswahili kina ukarimu wa ajabu kwa mti mgeni: huupa kiambishi m- mlangoni, na kuanzia hapo ni mwenyeji. Eucalyptus wa Australia akawa mkaratusi. Mti wa asili ya Madagaska unaochanua maua mekundu mwezi Desemba ukaitwa mkrismasi. Muarobaini ukapata jina kutokana na imani kwamba unatibu maradhi arobaini. Mjohoro ulitoka Asia, na jina lake linafanana mno na johar, jina la mti huo huo katika Kiindonesia, hata ni vigumu kuamini kwamba ni sadfa. Mjakaranda, mgrevilea, mlusina, mwashoki: wote wamepewa uraia wa ngeli ya m-/mi- bila hati wala ada.

Ukarimu huu una upande wa pili, na hapa ndipo ninapoomba usikivu wenu hasa. Miti ya kwetu, ile iliyoota yenyewe katika vilima vya Mara, ina majina katika Kizanaki, Kikabwa, Kijita, Kiikizu, Kingoreme, Kikuria na Kijaluo. Michache imebahatika kuwa na jina la Kiswahili linalojulikana nchi nzima, kama mkuyu, ambao shina la jina lake linapatikana katika lugha nyingi za Kibantu. Wagikuyu wenyewe wanalo katika jina lao. Mingi haikubahatika. Ukifungua kamusi zetu za Kiswahili, utaona mara nyingi maelezo ya mti wa asili yanakomea kwenye maneno “aina ya mti”. Aina gani? Mrefu au mfupi? Huota wapi? Msomaji hana pa kwenda.

Haikuwa hivyo daima. Padri Charles Sacleux, ambaye kamusi yake ya Kiswahili na Kifaransa ilitoka mwaka 1939, alikuwa mkusanyaji wa mimea pia, na kila alipoweza aliambatisha jina la kisayansi. Kamusi ya Kiswahili na Kiingereza ya Johnson, iliyotoka mwaka huo huo, ilijitahidi vivyo hivyo. Kabla yao, mwaka 1937, Greenway wa Amani alikwisha kutoa kamusi nzima ya majina ya mimea ya Kiswahili. Sisi tuliosanifisha lugha baada ya Uhuru, na kwa kusema sisi najihesabu, tulishughulishwa na istilahi za fizikia, sheria na utawala. Ilikuwa kazi ya lazima. Lakini miti ilibaki nyuma, na katika nyanda za Ziwa ilibaki nyuma zaidi kwa kuwa waliokusanya maneno walikusanya Pwani.

Mtaniuliza: hasara yake ni nini kwa mji? Hasara yake iko kitaluni. Afisa anayeagiza miche ya kupanda mjini huandika barua kwa Kiswahili, na katika barua huandika majina yanayojulikana kwa Kiswahili. Kwa hiyo huagiza mjohoro, muarobaini, mgrevilea, mkaratusi, mwashoki. Mwenye kitalu huotesha kinachoagizwa. Baada ya miaka kumi mji wa Mara, mji wa Pwani na mji wa Kati yote inafanana, na mti ambao kwa karne nyingi umezoea udongo na kiangazi cha mahali hapo haumo, kwa sababu tu hakuna aliyeweza kuuandika katika barua. Jina la kienyeji lililokosa mlango wa kuingilia katika lugha ya taifa limeufungia mti wake nje ya mji.

Kupanda miti ya aina chache kuna hatari nyingine inayofahamika vyema kwa wataalamu wa misitu. Katika miaka ya 1980 mlusina ulisifiwa sana kwetu kama mti wa kila kazi: malisho, kuni, rutuba. Mwaka 1992 mdudu mdogo mfyonza utomvu alifika katika pwani ya Afrika Mashariki, na milusina ikanyauka kuanzia Mombasa hadi bara. Ulaya na Amerika ya Kaskazini zilipoteza mamilioni ya miti ya barabarani kwa ugonjwa mmoja ulioshambulia jamii moja. Kutokana na misiba ya namna hiyo, mtaalamu wa Marekani, Frank Santamour, alipendekeza mwaka 1990 kwamba katika mji spishi moja isizidi asilimia 10 ya miti yote, jenasi moja isizidi asilimia 20, na familia moja isizidi asilimia 30. Sisemi kanuni hiyo ni msahafu. Nasema kwamba mji ambao lugha yake ya kazi ina majina matano ya miti ya kupanda hauwezi kuitimiza hata ukitaka.

Kitenzi kimoja na vitenzi vilivyosahauliwa

Kutoka kwenye nomino twende kwenye kitenzi. Kitenzi kinachotawala mazungumzo yetu ya hadhara kuhusu miti ni kupanda. Tuna siku ya kitaifa ya kupanda miti, Aprili 1. Tumekuwa na agizo kwamba kila halmashauri ipande miti milioni 1.5 kwa mwaka. Jirani zetu Wakenya walitangaza mapumziko ya kitaifa tarehe 13 Novemba 2023 ili wananchi wapande miti, lengo likiwa miche milioni 100, sehemu ya mpango wa kufikisha miti bilioni 15 ifikapo 2032. Hesabu hizi zote ni za miche iliyoingizwa ardhini. (Kupanda, wanafunzi wangu wanajua, ni maneno mawili yenye umbo moja: kutia mche ardhini na kwenda juu. Nadhani takwimu zetu huchanganya maana hizo. Hupanda kila mwaka, hata pale miti isipopanda.)

Wakulima wa Kiswahili hawakuwa maskini wa vitenzi. Huatika mbegu kitaluni, huhamisha miche, hupandikiza, huumwagilia, hupalilia, hutandaza majani makavu kuzunguka shina ili unyevu usitoroke, huweka mboji, huegemeza mti mchanga kwenye mambo, huzungushia miiba ili mbuzi wasile, hupogoa. Kila kimoja katika vitenzi hivi ni siku ya kazi ya mtu, na siku ya kazi ya mtu ni fedha. Hebu tafuteni katika bajeti ya mji wowote mdogo fungu la kupogoa. Fungu la kununua miche mtalipata.

Chukueni tarehe yenyewe ya Aprili 1. Mara ina misimu miwili ya mvua, masika na vuli, na mwanzo wa Aprili masika yamekwisha kushika. Ni wakati mzuri, lakini mche uliotiwa ardhini siku hiyo una majuma machache ya mvua kabla ya kiangazi kirefu cha katikati ya mwaka kuuwahi. Dodoma, ambako mvua ni za msimu mmoja kuanzia Desemba, mwezi Aprili mvua zinaaga. Nchi yenye mvua za namna mbalimbali imepewa siku moja. Wataalamu wa misitu wanalijua hili na wengi hupanda kwa kufuata mvua za kwao. Sherehe, hata hivyo, ndiyo inayopigwa picha. Katika mji kama Kiabakari swali kubwa la mwaka ni nani atabeba ndoo mwezi wa Julai na wa Agosti, kwa mwaka wa kwanza, wa pili na wa tatu, na bado sijasikia jina la mtu huyo likitajwa katika hotuba.

Kisha kuna kukata. Naomba nikae hapa kidogo, maana nimepata kuona kwa macho yangu. Mti unapokua chini ya waya wa umeme, mafundi huja na mapanga na misumeno, nao huukata kichwa. Kiswahili cha mtaani huita kitendo hicho “kupunguza mti”. Lugha ya wakulima ina neno jingine, kupogoa, na tofauti ya maneno haya ni tofauti ya uhai. Anayepogoa huanza mti ukiwa mchanga. Huchagua shina moja la kuongoza. Hukata tawi karibu na shina, nje kidogo ya ule uvimbe ulio penye maungio, ili mti uweze kuziba jeraha lake. Anayekata kichwa huacha visiki wazi ambavyo maji na ukungu huingia, na machipukizi yanayoota kwa wingi kutoka hapo hushikilia juu juu tu, yakaanguka upepo unapovuma. Mwaka unaofuata mti umekuwa hatari kweli, na yule aliyeuharibu anapata sababu ya kuumaliza. Dawa yake ilipaswa kuwa mwanzoni: chini ya waya upandwe mti usiorefuka, na mirefu ipewe upande wa pili wa barabara.

Upande huo wa pili nao una sheria yake. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 ilipanua hifadhi ya barabara kuu hadi mita 30 kila upande kutoka katikati. Katika mji uliojipanga wenyewe kando ya barabara, mita hizo 30 ndizo zilizobeba miti mikubwa yote, maana ndiko watu walikokaa tangu zamani. Barabara inapopanuliwa, mkadiriaji huhesabu nyumba, huhesabu kuta, huhesabu migomba na miembe ya mtu binafsi kwa ajili ya fidia. Mkuyu wa kituoni, ambao hauna mwenyewe kwa sababu wote ni wenyewe, hauna mstari katika fomu. Haya hutokea bila mtu yeyote kuwa mwovu. Hutokea kwa sababu fomu imeandikwa kwa lugha inayotambua mti kama mali ya fulani tu.

Eneo la wazi

Kuna istilahi moja ya mipango miji ambayo ningependa wenzangu wa BAKITA waifikirie. Sehemu ya mji iliyotengwa kwa ajili ya watu kupumzika, watoto kucheza na miti kukua tunaiita “eneo la wazi”. Neno wazi, katika matumizi ya kawaida, lina maana ya kutokuwa na kitu au kutozuiliwa: mlango wazi, kichwa wazi, kiwanja kilicho wazi. Mtu akiambiwa hapa ni wazi, anasikia kwamba hapa hapajapata mwenyewe. Tukishangaa kwamba maeneo ya wazi mijini hujengwa maduka usiku na mchana, basi tuone kuwa tumeyatangaza sisi wenyewe kwa jina. Ardhi ya makaburi haiitwi ya wazi, na haivamiwi kwa wepesi huo.

Wangari Maathai alilielewa jambo hili mwaka 1989, pale mipango ilipotolewa ya kujenga jumba la ghorofa 60 katika Bustani ya Uhuru, Nairobi. Silaha yake ya kwanza ilikuwa barua. Aliandika kwa kila aliyehusika, ndani na nje ya Kenya, akisisitiza kwamba mahali pale pana wenyewe, nao ni watu wa Nairobi. Alitukanwa bungeni, jumba halikujengwa. Na mwaka 2020, mti mkubwa wa Waiyaki Way, ambao Wagikuyu huita mũgumo, ulinusurika kukatwa kwa ajili ya barabara mpya ya juu baada ya wakazi kupiga kelele na Rais kutoa tamko la kuuhifadhi. Katika visa vyote viwili, kabla ya mti au bustani kuokolewa, palitokea mtu wa kusema kwa lugha inayoeleweka kwamba hapa si wazi.

Nikiwa mtu wa Mara siwezi kupita bila kumtaja jirani yetu wa Butiama, lakini nitamtaja kwa jambo lisilosemwa mara nyingi. Mwaka 1963 ilitoka tafsiri ya Mwalimu Nyerere ya tamthiliya ya Shakespeare kuhusu Julius Caesar, nayo akaisahihisha na kuitoa upya mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari. Katika onyesho la pili la tendo la tatu, Antony anausomea umati wosia wa marehemu. Sote tunakumbuka zile drakma 75 kwa kila raia. Wachache wanakumbuka sehemu ya pili ya wosia: Kaizari anawaachia Warumi, wao na vizazi vyao milele, bustani zake na miti yake iliyopandwa karibuni kando ya mto Tiber, wapate mahali pa kutembea na kujiburudisha. (Shakespeare anaziweka bustani hizo upande wa huku wa mto, Plutarch, aliyekuwa chanzo chake, anaziweka ng'ambo. Wanafunzi wa tafsiri watanisamehe kwa kulipenda kosa hilo.) Fedha ziligawanywa na zikaisha. Miti ndiyo iliyowafanya watu waone wameachiwa mji wao.

Ninapenda kumfikiria kiongozi wa taifa changa, usiku, akitafuta neno la Kiswahili la bustani ya watu wote. Nimewahi kuwapa wanafunzi wangu zoezi hilo hilo. Hurudi na bustani ya umma, bustani ya mapumziko, viwanja vya burudani. Hakuna aliyerudi na eneo la wazi.

Itongo

Sasa nirudi nyumbani. Mwaka 1974, wakati wa Operesheni Vijiji, familia yetu ilihama kutoka kwenye makazi ya babu kuja kuishi kwa safu karibu na barabara, kama ilivyokuwa kwa mamilioni ya Watanzania. Nilikuwa kijana wa shule. Tulibeba milango, tulibeba mawe ya kusagia, tulibeba kuku. Miti haibebeki. Bibi yangu alirudi kule kila Jumamosi kwa miaka mingi, umbali wa zaidi ya saa moja kwa miguu, kwa kisingizio cha kuokota kuni. Kule hakuitaja kwa jina la kijiji. Alisema anakwenda itongo.

Katika Kizanaki na lugha jirani, itongo ni mahali palipokuwa na kaya na pakaachwa. Kiswahili kina neno mahame, lakini mahame yana huzuni tu ndani yake. Itongo ina haki pia. Ni mahali ambapo wakwenu waliishi, na alama ya kuishi kwao ni miti: iliyopandwa, na ile iliyoachwa makusudi isikatwe. Jina la makazi ya Mwalimu pale Butiama, Mwitongo, limetokana na neno hilo hilo pamoja na kiambishi cha mahali, ambacho lugha zetu hukitanguliza mbele pale Kiswahili kinapokiweka nyuma.

Ninalisimulia hili kwa sababu mpangaji wa mji anahitaji dhana hii, naye hana neno lake. Katika istilahi zetu ardhi ama ina nyumba, au ina shamba, au ni msitu wa hifadhi, au ni wazi. Itongo si lolote kati ya hayo. Kiabakari inapopanuka kuelekea vilimani itaingia katika matongo ya watu, na kila tongo lina miti mikubwa ambayo umri wake unashinda wa mji. Mpango ulioandikwa kwa kutumia neno hilo ungeweza kuyafanya matongo kuwa bustani za mji, tayari na vivuli vyake, bila gharama ya mche hata mmoja. Mpango usio na neno hilo utaona vichaka.

Mtaalamu wa misitu ya mijini, Cecil Konijnendijk, alipendekeza mwaka 2021 kipimo chepesi kukumbuka: kila mtu aone walau miti 3 kutoka nyumbani kwake, kila mtaa uwe na asilimia 30 ya kivuli cha miti, na pasiwe na zaidi ya mita 300 kutoka mlangoni hadi kwenye bustani. Kwa Kiabakari, kipimo cha kwanza kinaweza kuanza kesho. Nacho kingeanza, kwa maoni yangu, kwa daftari la miti: wanafunzi wa shule wapite na wazee, kila mti mkubwa uandikwe ulipo, unene wake, hali yake, na majina yake yote, la Kizanaki, la Kikabwa, la Kijaluo, la Kiswahili kama lipo, na la kisayansi. Baada ya hapo kila mche unaopandwa uandikwe pia, na uhesabiwe tena baada ya miaka mitatu. Jiji la Melbourne, Australia, liliipa miti yake namba na anwani za barua pepe mwaka 2013 ili wananchi watoe taarifa za matawi yaliyovunjika. Badala yake, watu wakaanza kuiandikia miti barua za mapenzi. Sitegemei hayo Kiabakari. Ningetosheka kama mkadiriaji wa barabara atakuta mti umekwisha kuandikwa kabla ya kufika kwake.

Mwaka jana nilikwenda itongo ya babu na mzee mmoja wa ukoo wetu, mtu wa miaka zaidi ya themanini. Mkuyu wa bibi bado upo. Kuuzunguka tulihesabu aina kumi na moja za miti, na mzee alinitajia majina yote bila kusita, akinisahihisha toni kila nilipoyarudia, jambo ambalo mtaalamu wa fonolojia hana budi kulikubali kwa unyenyekevu. Nilipofika nyumbani niliyatafuta katika kila kamusi niliyo nayo. Saba sikuyapata. Yamo katika daftari langu la buluu, pamoja na majani makavu niliyoyabana kati ya kurasa, nami ningefurahi kama kijana mmoja wa Idara ya Botania na mmoja wa Idara ya Kiswahili wangekubaliana kuyafanyia kazi pamoja mzee angali hai. Daftari lipo hapa mezani kwa yeyote atakayependa kulitazama baada ya maswali.